PC yako ya ex-UK inakwama? Soma hii kabla utume doo ya kadi ya grafiksi Nairobi

 

Ile Dell OptiPlex 7010 ama HP Elite 8300 ulinunua ikiwa ex-UK bado iko fiti. San Andreas inaenda, movie zinaenda. Lakini ukiwasha GTA V inatembea kama Probox imezama kwa mchanga wa laga ya Kawalase. Sababu si ngumu. Kama ndani kuna i5-3470, grafiksi yake ni Intel HD 2500, kitu ya 2012 iliyotengenezewa kazi ya ofisi. Sasa unataka kadi.

Shida ni kwamba wale majamaa wanakushauri YouTube wako na stima ya uhakika na AC. Wewe uko Nawoitorong chini ya mabati, mchana joto inapita 35, na kadi inakuja na basi kutoka Nairobi, ipitie Kitale, Kainuk na Lokichar, zaidi ya kilomita 600. Ikikataa kuwaka, kuirudisha ni pesa ingine na wiki ingine ya kungoja. Hapa unachagua mara moja tu. Na namba ya kwanza kuangalia si gigabaiti. Ni wati.

Fungua kesi usome stika ya pawa saplai. OptiPlex 7010 ya mnara inakuja na 275W, ile slim 240W. HP 8300 slim pia ni 240W. Hiyo ni ya mashine yote, na i5-3470 peke yake imepimwa 77W. Halafu tafuta waya wa pini 6 wa kupelekea kadi moto. Hauko. Kwa hivyo kadi yako itakula tu chenye sloti ya PCI Express inatoa, na sloti hiyo mwisho wake ni 75W.

Ukishika hiyo 75, nusu ya matangazo ya Luthuli hayakuhusu tena. RX 580 utaiona kwa bei tamu, nyingi zilichoshwa na kuchimba kripto. Inakula 185W. Wacha ikae huko. Na ukiuziwa adapta ya kutoa moto kwa waya wa SATA kupeleka kwa kadi, kataa. Plagi ya SATA imepimwa 54W kwa ile laini ya volti 12. Ukiipitisha hapo inaanza kuyeyuka, na plastiki ikishika moto keja ndiyo inaenda.

Wati pia ndiyo inaamua utacheza masaa mangapi. Stima ya Lodwar kwa miaka mingi imetoka kwa mitambo ya dizeli, na Kakuma wengi wameunganishwa kwa jenereta ya mfanyabiashara ama wako na sola yao. Sema una betri moja ya 12V, 100Ah, zile za kawaida za asidi. Kwa karatasi hiyo ni 1,200Wh, lakini ukitaka idumu unatumia nusu, 600. Inveta inakula yake, unabaki na kama 500. PC yenye kadi ya 75W pamoja na monita, ukiwa ndani ya gemu, itavuta kitu kama 180W. Hiyo ni karibu masaa matatu. Weka RX 580, hata kama ungepata pawa saplai kubwa, unavuta kama 300W na saa moja na nusu mechi imeisha. Kama uko na kibanda cha gemu na watoto wanalipa kwa saa, hiyo hesabu ni ya kodi, si ya raha.

Alafu joto. Feni ya kadi haina barafu, inapoza na hewa iliyo kwa chumba. Kadi inayokaa digrii 65 kwa mtu wa Nairobi kwenye chumba cha 22, kwako kwenye chumba cha 37 itakaribia 80, gemu ni ile ile. Nvidia wenyewe waliandika mwisho wa GTX 1050 Ti ni digrii 97, lakini kadi huanza kupunguza spidi kabla ya kufika huko, na ndiyo maana saa nane mchana gemu inakwama kuliko usiku. Kadi ya wati kidogo inatoa joto kidogo, basi. Mimi ningetafuta yenye feni mbili kama kesi inaruhusu.

Sasa kadi zenyewe.

GTX 1050 Ti ya 4GB, ya 2016, ndiyo imelisha PC nyingi za ex-UK. GTA V kwa 1080p inaenda fresh. Lakini jua hii kabla utume pesa: Nvidia ilimaliza draiva za gemu mpya za familia hiyo Oktoba 2025, kilichobaki ni za usalama hadi Oktoba 2028. Haitazima, na gemu zako za kale ziko sawa. Ila bei lazima ionyeshe hivyo. Muuzaji akiitisha karibu bei ya GTX 1650, mwambie hapana.

GTX 1650, ya 2019, ndiyo ningechukua. Ina nguvu zaidi, ni 75W, na bado iko kwa draiva mpya. Mtego ni kwamba makampuni mengine yaliiongezea pini 6. Itisha picha ya ukingo wa juu wa kadi na ile ya nyuma, si picha ya boksi. Kama mfuko ni mnono, kuna RTX 3050, ile ya 6GB pekee, ya 2024. Inakula 70W bila waya. Ile ya 8GB ni mnyama mwingine na inataka waya.

RX 6400 ni 53W na kuna nyembamba kabisa inaingia kwa kesi slim. Kwa betri ni tamu. Lakini inatumia laini nne tu za PCI Express, kwa hivyo kwa mashine ya kale inapoteza spidi, na kwa i5 za kizazi cha pili kama i5-2400 inaumia zaidi. GT 1030 ni 30W, ya mtu wa eFootball na gemu ndogo. Chukua yenye GDDR5. Kuna ya DDR4 yenye jina lile lile, na memori yake inapitisha karibu theluthi tu ya data. Jina moja, kadi mbili. Huo ni wizi wa adabu.

Kabla ulipe, pima kesi na rula. Slim inataka kadi fupi yenye bamba fupi la nyuma, na uangalie kama kuna nafasi ya unene wa sloti mbili, sababu kwa slim zingine sloti kubwa iko karibu sana na pawa saplai. Na monita yako kama ni ya VGA, hizi kadi hazina hiyo tundu. Agiza adapta ya HDMI kwenda VGA na kadi, zije pamoja, usikae wiki ukiangalia kadi kama picha ya ukutani.

Kuna pia feki. Watu huchukua GTX 550 Ti ya 2011, wanabadilisha programu yake ijiite 1050 Ti. Itisha muuzaji video ya kadi ikiwa ndani ya PC, programu ya GPU-Z ikiwa wazi. Ni ya bure, na kadi feki huiandikia FAKE mbele ya jina. Kama una binamu Nairobi, mtume na flashi yenye GPU-Z, akae dukani nusu saa gemu ikiendelea, kisha ndio apeleke mzigo steji.

Na buda, kama PC iko na RAM ya 4GB kijiti kimoja, anza hapo. Vijiti viwili vya 4GB vya DDR3 ni pesa kidogo, na bila hivyo hata GTX 1650 itangoja.

Ikifika, usiiwashe siku ile ya vumbi. Safisha kesi kwanza na brashi laini, shika feni na kidole isizunguke ukipuliza, toa PC sakafuni uiweke juu ya meza. Vumbi ya Kakuma hujaza feni haraka, kwa hivyo rudia kila mwezi.