Pleibuku, au Daftari la Tadbiri

Katika futiboli ya Kimarekani, pleibuku ni jina la mkusanyiko wa hila zote ambazo kocha amewaandalia wachezaji wake, ambamo huchorwa mahali pa kusimama kila mmoja wa watu kumi na mmoja, njia atakayopita mpokeaji, namna ya kumkinga kotabeki, yule arushaye mpira, na mageuzi yapasayo iwapo adui atajipanga kinyume cha ilivyodhaniwa. Mwenye kuifasiri istilahi hii neno kwa neno atasema kitabu cha mchezo, naye msomaji wetu atadhani kuwa ni kile kitabu cha kanuni akitegemeacho refa. Mimi nastahabu daftari la tadbiri. Kwani tadbiri ni shauri lililopimwa kabla ya kukutana na adui, na daftari, tofauti na kitabu kilichokwisha chapwa, huongezwa kurasa kila mwenyewe apendapo, na hapo ndipo taksiri yake ianziapo.

Taksiri hiyo hudhihiri zaidi vyuoni, maana NCAA, chama kisimamiacho michezo ya vyuo vya Marekani, hakiruhusu shughuli za lazima za timu kuzidi saa 20 kwa juma wakati wa msimu, nazo ni pamoja na kutazama filamu na kunyanyua vyuma; na mwanafunzi, akiisha kulihifadhi daftari, aghalabu huwa yu karibu kuhitimu. Na lisipohifadhika vema, uwanjani mpokeaji akimsoma mlinzi hivi na kotabeki akamsoma vile, mpira hutupwa pasipo na mtu, au mikononi mwa adui. Na yule wa safu ya mbele, akisita kidogo tu kukumbuka amzuie nani, huwa amekwisha kupitwa.

Kocha Charlie Weis alikwenda Chuo Kikuu cha Notre Dame mwaka 2005, akitoka kuongoza mashambulizi ya New England Patriots, timu ya watu wazima wa kulipwa, na daftari la kadiri yao; na miaka miwili ya mwanzo, akiwa na kotabeki Brady Quinn aliyekomaa, alishinda michezo 9, kisha 10. Quinn alipoondoka, timu ilipoteza michezo 9 kati ya 12 ya msimu wa 2007. Sisemi kwamba daftari peke yake ndilo lililoleta msiba huo, kwani wachezaji wengi walikuwa wachanga. Illa uchanga na wingi wa tadbiri ni mambo yasiyopatana.

Makocha Hal Mumme na Mike Leach, waliofanya kazi pamoja katika chuo cha Iowa Wesleyan, walishika njia nyingine: hila chache, zikarudiwa mazoezini mpaka zikawa tabia, na kuonyeshwa kwa mipangilio mbalimbali ili utata umwelemee mpinzani, si mwanafunzi. Kwa njia hiyo Leach aliiwezesha timu ya chuo cha Texas Tech kushinda michezo 11 mwaka 2008.

Wako watakaosema kuwa redio imeondoa udhia huu, kwa kuwa tangu 2024 timu za daraja la juu la vyuo zimeruhusiwa kusema na mchezaji mmoja ndani ya helmeti yake. Lakini sauti hiyo hukatwa zikisalia sekunde 15 katika saa ihesabuyo muda wa kuanza kila hila, na kotabeki, akiisha kuisikia, bado ana wenzake kumi wa kuwaarifu.