Dubu wa Gazetini na Dubu wa Hadithini

Katika orodha ya wanyama wakali ambao binadamu amewageuza kichekesho, hakuna aliyehama kutoka kurasa za habari kwenda kurasa za hadithi kwa wepesi kama dubu. Simba amebaki mfalme katika ngano na mla watu katika magazeti, na sungura, pamoja na ujanja wake wote, hajawahi kuwa habari. Bali dubu, anayeweza kusimama kwa miguu miwili, anayekula nyama, samaki, matunda na asali bila kubagua, na ambaye akiketi huonekana kama mzee aliyetoka kushiba pilau ya harusi, amezipata sifa zote mbili kwa pamoja. Mpenzi wa visa vyake anayevikusanya kwa ajili ya kucheka hufika mahali akatambua kwamba karibu kila kisa kilipovuka kutoka habari kwenda hadithi, kilichoachwa ng'ambo kilikuwa hatima ya dubu mwenyewe.

Kabla magazeti hayajaenea, habari za dubu zilipatikana kwa kulipa kiingilio. Huko London katika karne ya 16, upande wa kusini wa mto Thames mahali paitwapo Bankside, palikuwa na viwanja ambamo dubu alifungwa mnyororo kwenye nguzo kisha akaachiliwa mbwa, huku watazamaji wakishangilia na kuwekeana dau. Dubu waliodumu walipata majina na umaarufu, kama Sackerson, ambaye Shakespeare alimtaja katika tamthilia yake moja ya vichekesho. Na mnamo Januari 1583, siku ya Jumapili, jukwaa la watazamaji lilipoporomoka na kuua watu kadhaa, wahubiri walisema kuwa Mungu ameadhibu waliovunja siku yake, ingawa hawakueleza sana makosa ya dubu. Michezo ya kuigiza na michezo ya dubu iligombea watazamaji wale wale, hata ukumbi wa Hope, uliojengwa mwaka 1614, ukawekewa jukwaa la kuondolewa ili waigizaji na dubu waupokezane. Ndiyo sababu haishangazi kwamba katika The Winter's Tale, tamthilia ya takriban mwaka 1611, maelekezo ya jukwaani yanamtaka mhusika mmoja atoke akifukuzwa na dubu, na wataalamu wanaendelea kubishana kama aliyemfukuza alikuwa dubu halisi au mwigizaji aliyevaa ngozi. Sheria ya kupiga marufuku mchezo ule wa mbwa na dubu ilipitishwa Uingereza mwaka 1835.

Dubu anayependwa leo, hata hivyo, ni mtoto wa gazeti, na tarehe yake ya kuzaliwa inajulikana. Mnamo Novemba 1902, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda kuwinda karibu na Onward katika jimbo la Mississippi, akiongozwa na Holt Collier, mwindaji hodari wa dubu ambaye alizaliwa mtumwa. Siku zilipita bila Rais kupata windo. Collier na mbwa wake wakamfukuza dubu mmoja hadi akachoka, na dubu huyo alipomshambulia mbwa, Collier akampiga kwa kitako cha bunduki, akamfunga mtini na kutuma aitwe Rais apige risasi. Roosevelt alikataa, akiona kuwa kumpiga mnyama aliyefungwa si uwindaji. Magazeti yalilishika neno hilo, na tarehe 16 Novemba mchoraji wa vibonzo Clifford Berryman alichapisha katika Washington Post mchoro wa Rais akimpa dubu kisogo. Jambo ambalo mchoro haukulionyesha ni kwamba Roosevelt, baada ya kukataa, aliagiza mnyama huyo aliyejeruhiwa aondolewe mateso, na akauawa kwa kisu.

Berryman aliendelea kumchora dubu huyo katika vibonzo vilivyofuata, na kila alipomchora alizidi kumpunguza umbo na kumviringisha masikio, hadi mnyama wa msituni akawa kitoto chenye macho ya woga. Huko Brooklyn, mwenye duka Morris Michtom na mkewe Rose walishona mdoli wa kitambaa mwenye umbo hilo na kumpa jina la utani la Rais, Teddy, ambalo Roosevelt mwenyewe hakulipenda. Na karibu wakati huo huo kampuni ya Steiff ya Ujerumani ilipeleka dubu wake wa manyoya katika maonyesho ya biashara ya Leipzig ya mwaka 1903, bila kujua lolote kuhusu Mississippi. Mahitaji yaliongezeka kiasi kwamba mwaka 1907 padri mmoja wa Michigan alionya kwamba wasichana wakiacha midoli ya watoto na kukumbatia dubu, watapoteza hamu ya kuwa mama. Onyo hilo linastahili nafasi ya juu katika mkusanyiko wowote wa vichekesho vya dubu, kwa kuwa lilitolewa bila nia ya kuchekesha.

Roosevelt huyo huyo aliyesifiwa kwa kumhurumia dubu mmoja alishuka Mombasa mnamo Aprili 1909, akasafiri bara na mwanawe Kermit, na kwa pamoja wakaua wanyama wakubwa zaidi ya 500, wengi wao kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Dubu hakuwamo, kwa sababu kusini mwa Sahara hakuna dubu: dubu wa milima ya Atlas, huko kaskazini, alitoweka katika karne ya 19, na walioishi kusini mwa bara wamebaki kuwa mifupa iliyogeuka mawe, kama ile ya Langebaanweg nchini Afrika Kusini, yenye umri wa takriban miaka milioni tano. Upungufu huo haukuwazuia walowezi wa Kenya kumpata wao. Masimulizi ya Wanandi kuhusu chemosit, zimwi la kutisha watoto na wakubwa, yalichanganywa na taarifa za Wazungu waliodai kuona mnyama mkubwa mwenye mabega ya juu. Mwaka 1912 afisa wa kikoloni C. W. Hobley akaziandika katika jarida la kitaalamu, na zimwi likasajiliwa kama dubu wa Nandi. Huenda wengi wao walimwona fisi, na wengine nyegere, lakini fisi hapewi makala.

Mwandishi Michael Bond naye alikaribia kutenda kosa la aina hiyo, kwani katika muswada wake wa kwanza dubu Paddington alitoka Afrika. Wakala wake alimkumbusha kuwa Afrika haina dubu, na kitabu kilipotoka mwaka 1958 mgeni huyo mwenye adabu alikuwa ametoka Peru, nchi ambako dubu wapo kweli.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta kisa ambacho hakuna mtunzi angethubutu kukibuni. Mwaka 1942, nchini Iran, askari wa Poland waliotoka Urusi walimnunua mtoto wa dubu, wakamwita Wojtek, wakamzoesha bia na sigara, kisha wakamwandikisha jeshini ili aruhusiwe kupanda meli ya kwenda Italia, ambako katika mapigano ya Monte Cassino mwaka 1944 alisaidia kubeba masanduku ya makombora ya mizinga. Wapoland wengine waliopitia Iran hiyo hiyo, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Afrika Mashariki, na takriban 5,000 waliishi Tengeru karibu na Arusha, ambako makaburi yao yapo hadi leo. Wojtek hupewa sanamu na vitabu kwa ushujaa wake; aghalabu husahaulika kwamba alitumia miaka 16 ya mwisho wa maisha yake nyuma ya uzio katika bustani ya wanyama ya Edinburgh, hadi alipokufa mwaka 1963.

Mfano wa karibuni unageuza kanuni hii juu chini, kwa kuwa safari hii hadithi iliongeza damu badala ya kuifuta. Mnamo Septemba 1985, mlanguzi mmoja wa dawa za kulevya alidondosha kokeini kutoka ndegeni juu ya misitu ya Georgia, Marekani, na baadaye dubu mweusi akakutwa amekufa baada ya kuila. Magazeti yalikitaja kisa hicho kwa mistari michache. Katika filamu ya mwaka 2023 iliyotungwa kutokana nacho, dubu anaua watu wengi. Dubu wa Georgia hakumgusa mtu.