'Naatu Naatu': Wimbo wa kienyeji ulioipa lugha ya Kitelugu Oscar

KATIKA Afrika Mashariki, filamu yoyote kutoka India huitwa 'picha ya Kihindi'. Jina hilo limezifunika lugha nyingine za nchi hiyo, kikiwemo Kitelugu, chenye wazungumzaji zaidi ya milioni 80, hasa katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana.

Filamu ya mapigano ya 'RRR', iliyoanza kuonyeshwa Machi 25, 2022, ililipasua pazia hilo, na wimbo wake 'Naatu Naatu' ndio uliovuma kuliko yote.

Mwelekezi S. S. Rajamouli alichukua mashujaa wawili wa kweli: Alluri Sitarama Raju, aliyeuawa na Waingereza mwaka 1924, na Komaram Bheem wa jamii ya Wagondi, aliyeuawa 1940 akipinga utawala wa Nizam wa Hyderabad. Hakuna ushahidi kwamba wawili hao waliwahi kukutana. Urafiki wao ni ubunifu wa filamu. Ram Charan aliigiza Raju, naye N. T. Rama Rao Jr akaigiza Bheem.

Katika karamu ya wakoloni, Mwingereza mmoja anamdhihaki Bheem kuwa hajui kusakata densi kama vile tango na flamenco. Marafiki hao wanamjibu kwa miguu, hadi wapinzani wao wanaanguka mmoja mmoja kwa uchovu.

Neno 'naatu' lina maana ya kitu cha kienyeji. Watelugu hulitumia hata kwa kuku wa kienyeji. Kile kilichodharauliwa ndicho kinachosifiwa katika wimbo huo.

Muziki ulitungwa na M. M. Keeravani, binamu ya Rajamouli, kwa mapigo ya 6/8 yenye mdundo wa ngoma za vijijini. Chandrabose aliandika maneno akikumbuka utoto wake kijijini, nao Rahul Sipligunj na Kaala Bhairava wakauimba. Densi ya Prem Rakshith ilirekodiwa Agosti 2021 mbele ya kasri la Mariinskyi jijini Kyiv, miezi michache kabla ya Urusi kuivamia Ukraine.

Watazamaji wengi wa ng'ambo waliipata filamu hiyo kwenye Netflix ikiwa imetafsiriwa kwa Kihindi, wimbo ukiitwa 'Naacho Naacho'. Hata hivyo, usiku wa Oscar, Machi 12, 2023, wimbo huo uliimbwa jukwaani kwa Kitelugu na kutwaa tuzo ya wimbo bora, miezi miwili baada ya kushinda Golden Globe.

Ulikuwa wimbo wa kwanza kutoka filamu iliyotengenezwa na Wahindi kupata tuzo hiyo. 'Jai Ho' wa A. R. Rahman, ulioshinda 2009, ulitoka katika 'Slumdog Millionaire', filamu ya Mwingereza Danny Boyle.

Wapo wanaoamini kuwa uzito wa 'RRR' umo katika 'Komuram Bheemudo', wimbo wa Bheem anapopigwa mijeledi hadharani na kukataa kupiga magoti. Kaala Bhairava alituzwa na taifa la India kwa kuuimba.

Mwaka 2025 Rajamouli alifika Kenya kupiga picha za filamu yake iliyofuata, 'Varanasi'. Muziki wake alikabidhiwa tena Keeravani.