Kutoka Falaji Hadi Karafuu: Urithi wa Ukulima Wetu

Vijana wetu wengi husikia kwamba wazee wao walikuwa na mashamba Unguja na Pemba, wakadhani ukulima ulianzia huko. Sivyo. Ukulima wa koo zetu ni mkongwe kuliko karafuu, na yafaa tukumbushane.

Asili yake ni falaji. Katika vijiji vya Sharqiya na Dakhiliya maji hutolewa chini ya ardhi, hupita mferejini, kisha hugawiwa kwa zamu. Kipimo chake ni athar, yaani kiasi cha nusu saa. Mchana zamu zilijulikana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Mtende nao hauzai vizuri mpaka mtu apande, autie ule wa kike unga wa maua ya dume. Huko ndiko wazee walikojifunza hesabu, ushirika na subira.

Seyyid Said bin Sultan alipofanya Unguja makao yake, katika miaka ya 1830 na 1840, wengi walivuka bahari wakakuta nchi ya mvua. Mkarafuu nao ulikuwa mgeni, umeletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi. Ulitaka subira ile ile: miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Tumba huchumwa kabla halijafunguka, karafuu huchambuliwa makonyo yakawekwa mbali, kisha huanikwa juani juu ya majamvi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza.

Lakini haki itajwe. Mashamba yale hayakusimama kwa mikono yetu peke yake. Mpaka sheria ya 1897 ilipoondoa utumwa, watumwa ndio waliofyeka, wakapanda na kuchuma. Baadaye wakaja wachumaji wa mshahara, wenyeji na watu wa bara. Ujuzi tunaojivunia ulipita mikononi mwao. Asiyelitaja hili hasimulii historia, anajisifu tu.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Ardhi ikataifishwa, watu wakagawiwa eka tatu tatu, na koo zetu zikatawanyika. Baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita watu warudi, wengi walifika Oman. Mkarafuu haukuweza kuja, kwani hauvumilii ukavu wa huku. Kilichokuja ni ujuzi. Ndiyo maana nyuma ya nyumba zetu Maskati utakuta mpapai, mndimu na muhogo, na bibi akimwagilia matembele yake alasiri. Na wako wazee waliosimamia uanikaji wa karafuu Pemba, wakaja kushika tena zamu za maji katika vijiji vya babu zao.

Mwaka 2006 falaji tano za Oman ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Ni fahari, lakini falaji haidumu kwa kuandikwa orodhani. Pampu za visima zimeshusha maji ya ardhini, falaji nyingine zimekauka, na watoto wetu hununua tende dukani bila ya kujua aina zake.

Basi kila nyumba na iandike majina ya mashamba yake, na majina ya waliolima humo, wa ukoo na wasio wa ukoo. Na kila msimu wa kuchavusha mitende, mtoto mmoja apelekwe kijijini apande na mjomba wake. Mti hauhami na mtu. Ujuzi huhama, akiwepo wa kuupokea.

Wabillahi tawfiq.