Ujazaji maji wa kujiendesha katika tangi la samaki

Ujazaji maji wa kujiendesha ni njia ya kurudisha maji yanayopotea kwa mvukizo katika tangi la samaki (pia: akwaria) bila mtu kuyamimina kwa mkono kila siku. Mfumo wake huwa na sehemu tatu: chombo cha akiba, kifaa kinachotambua kina cha maji, na vali au pampu inayoingiza maji tangini. Hutumiwa zaidi katika matangi ya maji ya bahari, hasa yale yenye matumbawe, lakini hufaa pia kwa matangi ya maji baridi.

Sababu

Maji yanapovukiza, chumvi na madini hubaki tangini. Tangi lenye lita 100 za maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, yaani karibu sawa na bahari, lina gramu 3,500 za chumvi. Likipoteza lita 5, chumvi ileile hubaki katika lita 95 na kufikia karibu gramu 36.8 kwa lita. Likipoteza lita 10 hufikia karibu gramu 38.9. Samaki wengi huvumilia mabadiliko ya polepole, lakini matumbawe na wanyama wengi wasio na uti wa mgongo hudhurika kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo hata tangi la maji ya bahari hujaziwa maji yasiyo na chumvi. Maji yanayopendelewa ni yale yaliyoondolewa madini kwa osmosisi geuzi au kwa kukenekwa. Maji ya bomba huongeza madini kila yanapojazwa, na yakiwa na klorini huhitaji kutibiwa kwanza.

Aina

* Chupa iliyopinduliwa: mdomo wa chupa hugusa uso wa maji. Maji yakishuka, hewa huingia chupani na maji hutoka, kama katika chombo cha kunyweshea kuku. Haihitaji umeme, lakini hufaa matangi madogo tu.
* Vali ya boya: hufanya kazi kama boya la tangi la choo. Chombo cha akiba huwekwa juu, na maji hushuka kwa uzito wake.
* Swichi ya boya na pampu: boya likishuka, swichi huwasha pampu ndogo iliyo ndani ya chombo cha akiba, likipanda, huizima.
* Kihisio cha mwanga: hutambua maji bila sehemu inayosogea, hivyo hakikwami kama boya, ingawa uchafu na mwani huweza kukipotosha.

Kufunga

Kwanza hupimwa kiasi cha maji kinachopotea. Alama huwekwa kwenye kioo na kuangaliwa baada ya saa 24. Tangi la urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 40 likishuka nusu sentimita, limepoteza lita 2. Akiba ya wiki moja kwa tangi hilo ni lita 14.

Katika mfumo wenye tangi la chini la kuchujia, kihisio huwekwa kwenye chumba cha pampu inayorudisha maji juu. Maji ya tangi la juu hubaki katika kina kilekile kwa sababu yanayozidi humwagika kwenda chini. Upungufu huonekana katika chumba hicho pekee. Kihisio kikiwekwa juu, umeme ukikatika na kurudi huweza kuingizwa maji yasiyohitajika.

Mwisho wa mpira wa kuingizia hufungwa juu ya uso wa maji. Ukizama, maji ya tangi huweza kurudi kwenye akiba pampu ikizimwa. Akiba ikiwa juu kuliko tangi, pampu haitoshi kuyazuia maji: yakishaanza kutiririka huendelea hata baada ya pampu kuzimwa. Mwishoni mfumo hujaribiwa kwa kuchota maji kidogo na kuangalia kama pampu inawaka na kuzimika panapostahili.

Hatari na kinga

Hitilafu kubwa ni swichi kukwama ikiwa imewasha pampu. Konokono, mwani au chumvi iliyoganda huweza kulizuia boya lisipande. Katika tangi lililotajwa la lita 100, lita 20 za maji yasiyo na chumvi zikiingia bila kitu kumwagika, chumvi hushuka hadi karibu gramu 29 kwa lita. Kwa hiyo ukubwa wa akiba wenyewe ni kinga: haupaswi kuzidi kiasi ambacho tangi linaweza kupokea bila kufurika wala kudhuru viumbe.

Kinga nyingine ni swichi ya pili iliyowekwa juu kidogo ya ile ya kwanza ili ikate umeme, pamoja na kifaa kinachoizima pampu ikifanya kazi kupita muda uliopangwa. Pampu na swichi za volti 12 ni salama zaidi karibu na maji kuliko za umeme wa nyumbani. Nyaya huachwa zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yasiifikie.

Matunzo

Boya au kihisio husafishwa mara kwa mara, na akiba hufunikwa isiingie vumbi wala mbu. Mfumo huu hauchukui nafasi ya kubadilisha maji: taka za samaki, kama nitrati, hazivukizi, hivyo huendelea kuongezeka hata tangi likiwa limejaa daima.

Tazama pia

* Mvukizo
* Matumbawe
* Osmosisi