Neno la Wiki: Suluhu

Juzi nikipanda kwenda Kiriri, mtaa wa mlimani hapa Bujumbura, dereva wa teksi alikuwa amefungulia redio. Tulipofika kwenye kona ambapo ziwa lote hutandazika chini yako, mtangazaji akasema majeshi mawili "yamefikia suluhu ya saa 72". Suluhu ya saa? Huko ni kusitisha mapigano, bwana! Bunduki zimenyamaza, ugomvi uko palepale.

Suluhu limetoka kwa Waarabu, sulh: waliokosana wanakaa, wanasemezana mpaka wanapatana. (Watu wa mpira huita hivyo mechi ya bila kufungana. Waachwe, sina ugomvi nao.)

Meja Pierre Buyoya, aliyetwaa madaraka Burundi kwa mapinduzi mara mbili, 1987 na 1996, angekuwa hai angemfundisha mtangazaji wetu. Tarehe 28 Agosti 2000 alitia saini Mkataba wa Amani wa Arusha mbele ya Nelson Mandela, aliyerithi usuluhishi kwa marehemu Nyerere. Mambo ya suluhu yalijaa humo, hata jeshi ambalo kabila moja lisingezidi nusu yake. Kusitisha mapigano ndiko kulikokosekana: waasi wa CNDD-FDD na FNL hawakuwemo, na Bujumbura Vijijini risasi ziliendelea kulia. CNDD-FDD walikubali kusitisha Desemba 2002. FNL, Septemba 2006.

Na msuluhishi je? Ni yule anayewaketisha mahasimu na kuwabana. Anayebeba barua kutoka kambi hii kwenda ile ni mjumbe tu, hata akivaa suti.