Mwasumini wa Kiwandani na Kisu cha Kuupogoa

Mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta aliposhuka Mogadishu na kufikishwa kwenye nyumba ya Shekhe wa mji ule, aliletewa tambuu na popoo, kisha akamiminiwa marashi ya Damasko, yeye na kadhi aliyefuatana naye. Na kwa habari hiyo twajua ya kwamba ada ya kumkirimu mgeni kwa harufu njema ilikuwa imekwisha kukita mizizi katika pwani hii zaidi ya karne moja na nusu kabla ya merikebu za Vasco da Gama kuonekana. Walakini marashi, na udi, na ambari, vilikuwa bidhaa za kununuliwa na wenye uwezo, ilhali harufu iliyokuwa haki ya kila nyumba, ya tajiri na ya fukara, ilitoka katika kichaka kilichopandwa kiwandani, yaani uani mwa nyumba, karibu na kisima, mahali maji ya kutawadhia yalipomwagika kila siku: nacho ni mwasumini.

Asili ya mti huu ni Bara Hindi na nchi zilizo jirani nayo, na ulienea pwani za bahari hii kwa mikono ya watu. Kwa maana mwasumini wa bustani, hasa ule wenye maua ya tabaka nyingi, aghalabu hauzai mbegu, na hauna njia ya kutoka nyumba moja kwenda nyingine ila mtu akate kijiti na mtu mwingine akichomeke ardhini. Hivyo kila mwasumini unaouona Lamu, Mombasa au Unguja ni kipande cha mwasumini mwingine, na huo ni kipande cha mwingine tena, mpaka kufikia ule wa kwanza uliovuka bahari. Tangu mwanzo, basi, mti huu na kisu havikuachana.

Ada yenyewe ilikuwa na saa zake. Matumba ya maua huchumwa alasiri, yangali yamefumba, kwa kuwa hufunguka giza likiingia na kunukia usiku kucha. Yakatungwa kwa uzi kuwa koja la kuvaa shingoni au kuzungusha kwenye nywele, yakamwagwa kitandani mwa maarusi, au yakafungwa pamoja na mrehani na mkilua kuwa kikuba cha kubandika kifuani. Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake huko Ujerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi nguo na matandiko ya nyumba ya kifalme yalivyotiwa manukato. Lakini wa kulifanya jambo hilo hawakuwa wa nyumba za kifalme peke yao, kwani mjane asiye na kitu, akiwa na mwasumini mmoja ulio hai, aliweza kuuza vikuba mbele ya mlango wake na kupata posho ya jioni.

Kisha tukaghafilika. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja zilibadili wenyewe. Nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja ikakaliwa na jamaa mbalimbali, na kiwanda kikawa cha watu wote, maana yake si cha mtu ye yote. Kwingineko pwani vijana walihama kutafuta kazi, na manukato ya chupa yakachukua mahali pa koja. Miasumini haikufa. Iliachwa tu, na mwasumini ulioachwa hurefuka, hujipinda ukutani, hukauka ndani na kujaza majani juu, ukatoa maua machache mno yasiyofikiwa na mkono. Watu hupita wakasema mti umezeeka, ukang'olewe. Nami nasema kwa yakini ya kwamba hilo ni kosa, na ni dhuluma kwa mti, kwani kilichopungua si uhai wake bali ni khidma yetu.

Mwasumini hutoa maua kwenye matawi machanga, yaliyochipua msimu ule ule; tawi la zamani hulisha tu. Ndiyo sababu wakulima wa Madurai, kusini ya India, ambao maua haya ndiyo riziki yao, huikata miti yao kila mwaka mwishoni mwa Novemba ikabaki na kimo cha sentimita 50 hivi, na hawaioni kuwa ni ukatili. Hapa kwetu wakati ufaao ni mwisho wa kaskazi, mvua za masika zikikaribia, ili chipukizi zikute maji. Kwanza huondolewa matawi makavu yote, na yale yanayosuguana, mpaka mwanga uingie katikati. Kisha mashina makongwe hukatwa karibu na ardhi, thuluthi moja mwaka huu, thuluthi ya pili mwaka ujao, na iliyosalia mwaka wa tatu, ili mti usipate kukosa majani kabisa. Kisu kiwe kikali, kwa maana panga butu hupasua gome na jeraha huoza; mkato uwe wa mshazari, juu kidogo ya kifundo, maji yasituame. Samadi iliyooza vizuri hutandazwa mbali kidogo na shina. Chipukizi zikifika kimo cha shibiri, ncha zake hudokolewa, kila moja izae mbili au tatu, na kila moja ya hizo ilete ua. Mwaka wa kwanza maua yaweza kuwa haba, na mwenye pupa hudhani ameuharibu mti, na astahimili.

Vijiti vitokavyo humo visitupwe. Vile vilivyokomaa kiasi, vyenye vifundo vitatu au vinne, vikichomekwa kivulini katika mchanga wenye unyevu mvua zikianza, aghalabu huota. Basi jirani akiomba, apewe siku ile ile ya kupogoa, kabla havijakauka, na aambiwe papo hapo kwamba wake utakapokua, kila kaskazi ikiisha, itampasa kuukata.